Ua la Msituni la Mama Skola

Jumatatu, 1 Julai 2024. Yoba, Gitega

Sikukuu ya Uhuru. Watu wote wamekwenda kutazama gwaride. Mimi nimebaki. Nina vita yangu.

Baba mdogo Yakobo amepiga simu asubuhi kutoka Butihinda. Siku imepangwa: Jumamosi tarehe ishirini tunaganduka. Yaani tunamaliza matanga ya Mama. Tangu tumzike hatujaoa wala kuozesha, hatujacheza ngoma. Siku hiyo ukoo utakaa, tutakunywa, maneno yatasemwa, kisha maisha yataruhusiwa kuendelea.

Maneno! Hapo ndipo penye kazi. Kwa desturi anayesema kwa niaba ya watoto ni kaka yangu Manase, kwa kuwa ndiye mkubwa. Kaka Manase alikuwa mwalimu kule Tanzania, na ingawa kazi aliiacha tuliporudi, bado hajaacha kufundisha. Siku ya mazishi alisema mpaka wachimba kaburi wakakaa chini. Alisimulia vyeti vyake. Alisimulia bati jipya la nyumba yake ya Muyinga mjini. Mama Skola, aliyemzaa, alipata sentensi moja. Moja! Nilisimama pale na udongo mkononi, nikaapa kwamba siku ya kuganduka nitasema mimi. Mama yangu hawezi kuondoka duniani kwa sentensi moja.

Leo Baba mdogo amenifungulia mlango bila kujua. Amekumbusha kwamba Mama alikataa msalaba wa simenti. Alimwambia dada yetu Martha, aliyemuuguza: nipandieni tu kile kiua changu cha msituni. Ni kiua gani, hakuna anayejua. Basi Baba mdogo ameamua hivi: mtoto atakayekileta ndiye aliyekuwa akimsikiliza mama yake, na huyo ndiye atakayesema.

Nimemjibu hapo hapo kwamba ua hilo nalijua vizuri sana.

Silijui kabisa.

Jumatano, 3 Julai

Nimefunga kibanda changu cha kutengeneza redio mapema ili nikumbuke. Kukumbuka ni kazi, tena haina vipuri.

Ninachojua ni hiki. Tulizaliwa ukimbizini, Ulyankulu, Tanzania, watoto wote watatu. Tulirudi Burundi mwaka 2009 tukiwa watu wazima. Baada ya kurudi, jioni pale Butihinda, Mama alikuwa anakaa kwenye mkeka anapukuchua maharage na kulitaja ua lake. Jeupe. Vijiua vidogo vidogo vimekaa pamoja juu ya vijiti, kama mwavuli uliochanika kitambaa ukabaki mifupa. Majani yamekatika katika kama ya karoti. Linakaa kivulini, chini ya miti. Ukilifikicha linanukia. Akifika hapo kwenye harufu alikuwa anainusa mikono yake ambayo ilikuwa na vumbi la maharage tu.

Ni wazi basi. Ni ua la ujana wake, la misitu ya hapa hapa nyumbani kabla hawajakimbia. Nitalitafuta huku huku.

Nimekwenda kwa Crispin, bwana shamba, ambaye hapa wanamwita agronome. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema huyo rafiki anatafuta kitu cha ukoo wa karoti. Ukoo mkubwa: karoti, seleri, persili, dhania, pamoja na ndugu zao wa porini. Alama zao ni hizi: maua ya mwavuli, shina lenye mifereji, mara nyingi tupu ndani, na mguu wa jani unaolikumbatia shina kama mkono wa shati. Halafu harufu. Akaongeza kwamba katika ukoo huo wamo wa kutia kwenye supu na wamo wa kuua mtu, na kwa macho wanafanana. Kwa hiyo huyo rafiki asionje kitu. Na akilipata ua la porini alichimbe na bonge zima la udongo, asiliguse wala kulitazama mzizi, maana maua hayo yakisumbuliwa mzizi yanakufa.

Nimeyaandika yote. Sasa mimi ni mtaalamu.

Ijumaa, 5 Julai

Kaka Manase ameanza! Leo ametuma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ua jeupe, duara zuri. Chini ameandika: UA LA MAMA. NIMELIPATA. KAZI IMEKWISHA. Shangazi wote wameweka mikono ya kusali. Binamu mmoja wa Ngozi ameweka machozi.

Nikaikuza picha. Duara kama mpira. Majani kama mirija. Hakuna mwavuli, hakuna jani lililokatika. Nikamwonyesha Crispin mbio mbio. Akacheka.

Nikaandika kundini, kwa heshima zote anazostahili mkubwa wangu: Kaka, hicho ni kitunguu.

Manase ametoka kwenye kundi. Martha amemrudisha. Ametoka tena.

Leo nimelala mchana kwa furaha. Mtu mzima, mwalimu, anataka kumpandia mama yake mboga kaburini! Gracieuse, mke wangu, amesema nisicheke sana. Wivu.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya misa nimekwenda kutafuta msitu upande wa Makebuko.

Msitu! Nimepanda kilima: mikaratusi. Nimeshuka: mikaratusi. Nimemuuliza mzee mmoja mwenye baiskeli msitu uko wapi, akanionyesha mikaratusi. Chini yake hata jani moja la kijani hakuna. Kiangazi kimekausha kila kitu, vumbi limeingia mpaka kwenye soksi.

Niliketi kwenye kisiki nikaukumbuka msitu wa Ulyankulu. Ile miti mirefu ya miyombo, na majani mapya yanatoka mekundu kabla ya mvua. Mama anarudi na kuni kichwani, anaimba puani, anatua mzigo, ananishika mashavu kunitazama kama nimekula. Mikono yake ilikuwa na harufu fulani tamu ya kijani. Nilidhani kila mama ananukia vile. Nilipokua nikakuta sivyo.

Basi machozi yakaniziba macho, na karibu na kisima nikaona mmea wenye majani yaliyokatika katika. Nikaung'oa, nikaunusa. Sikupata jibu. Nikasema nionje kidogo tu, ncha.

Crispin hakusema uongo. Midomo ikafa ganzi, ulimi ukavimba. Nimefika nyumbani naongea kama niliyejaza ugali mdomoni. Gracieuse amenusa pumzi yangu mara mbili, akasema hata siku ya Bwana. Sikuweza kujitetea. Nilikuwa na herufi chache tu zilizokuwa zinafanya kazi.

Jumanne, 9 Julai

NIMELIPATA!

Nilirudi Makebuko, safari hii nikapita bondeni ambako watu wanalima mboga wakati wa kiangazi kwa sababu ya unyevu. Mwisho kabisa wa mashamba, ukingoni, chini ya miti miwili mitatu, limesimama. Refu, limenifika kifuani. Jeupe. Mwavuli juu ya mwavuli! Jani limekatika katika. Shina lina mifereji. Mguu wa jani umelikumbatia shina kama mkono wa shati. Nikafikicha jani nikalipeleka puani.

Mikono ya Mama! Nasema kweli, ilikuwa harufu ile ile, au jirani yake wa karibu sana. Nilipiga magoti kwenye matope nikalia kwa sauti, mimi mwanaume mwenye ndevu za mvi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia akaja kuuliza nimeumwa na nini. Nikamwomba ruhusa ya kuchukua ua. Akalitazama, akanitazama, akasema nichukue tu, hata yeye alikuwa anataka kulitupa. Akaenda kwa wenzake, nikawasikia wakicheka. Watu wa mashambani hawajui thamani ya walicho nacho.

Nimelichimba na bonge zima la udongo kama nilivyofundishwa. Mzizi sikuutazama. Nimelitia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Njia nzima nimelibeba kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 11 Julai

Hatari. Mama Bora ameanza kupeleleza.

Mama Bora ni jirani yetu, Mkongo wa Uvira, anauza mboga sokoni. Mwanamke mwema, lakini mwaka jana Manase alipokuja kutusalimia alimjazia kikapu cha nyanya bure. Tangu hapo namwangalia kwa jicho la pembeni.

Leo amepita dirishani, akasimama. Akauliza, "Ndugu Nazario, we unafuga hii kitu ya nini? Hii iko imepita wakati yake. Mi naijua, iko..." Nikamkatiza. Nikamwambia ni dawa ya mifugo. Akasema, "Dawa? Ndugu, sikia, hii iko..." Nikafunga dirisha.

Iko nini? Anataka nimtajie jina ili ampelekee Manase! Nimelifunika kopo kwa kitenge cha Gracieuse. Gracieuse amekitafuta mchana kutwa. Na yeye akitaka kulitazama ua, namwambia mwanga unalidhuru. Nimekuwa mtu wa kulinda kopo. Lakini siri ni siri.

Jumatatu, 15 Julai

Naandaa hotuba. Nimeiandika, nikaifuta. Naanza na "Ndugu waheshimiwa, mabibi na mabwana", nikiisoma naisikia sauti ya Manase. Nafuta tena.

Ninachotaka kusema ni vitu vidogo. Kwamba Mama alipokuwa anacheka alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja, na kicheko kinatokea machoni. Kwamba alitushonea mifuko ya shule kwa viroba vya mahindi ya msaada, na wangu aliutia kifungo chekundu ili nisilie. Kwamba Baba alipofariki kule kule Ulyankulu hakusema neno mpaka jioni, halafu akauliza kama kuku wamefungiwa. Sasa unasemaje vitu kama hivyo mbele ya watu wenye mirija ya pombe mdomoni? Watasema huyu hana hotuba.

Ua limelegea kidogo. Nimelimwagia maji na kuliombea.

Alhamisi, 18 Julai. Muyinga

Tumefika! Mabasi yalikuwa yamelala yakingoja mafuta, kwa hiyo nimepanda lori la Fabiano, dereva anayekwenda mpakani Kobero kuchukua bidhaa za kutoka Tanzania. Gracieuse amebaki, anachunga kibanda. Mimi mbele, kopo mapajani, kitenge juu.

Fabiano akanusa, akasema, "Mzee, we unabeba mboga hapo?" Nikamwambia atazame barabara.

Vilima vinapita, migomba inapita, na mimi nikaikumbuka safari ya kurudi. Tulikuwa juu ya lori kubwa na magodoro na milango ya nyumba tuliyoing'oa tukaja nayo. Sisi vijana tumesimama mbele, tunaangalia Burundi inavyokuja, tunapiga vigelegele. Manase anatufundisha majina ya mito, yote akikosea. Mama peke yake alikaa nyuma kabisa na kuku mapajani, ameangalia tulikotoka. Nilidhani anachunga mizigo isidondoke.

Nilikumbuka pia njia ya shule, ile ya katikati ya miti. Tulikuwa tunakata vijiti vyenye uwazi ndani, tunavitoboa, tunapiga filimbi msituni mpaka ndege wanahama. Manase alikuwa fundi mkuu. Filimbi yake ilikuwa inasikika mpaka kanisani, na padre anatoka na fimbo.

Siku hizi hata filimbi za kweli hazilii vile.

Ijumaa, 19 Julai. Butihinda

Nimelala kwa Martha. Nyumba ya Mama ni ile ile, na mkeka wake bado umeegeshwa ukutani. Nimeshindwa kuukalia.

Kaka Manase amekuja na ndoo imefunikwa kwa gunia! Tumesalimiana kwa heshima sana. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba, kila mmoja anaangalia chombo cha mwenzake. Akaniuliza nina nini humo. Nikasema vitumbua. Nikamuuliza ana nini. Akasema maziwa. Ndoo ya maziwa inatoa majani pembeni!

Martha amesema tumekuwa wazee lakini tuko kama watoto waliogombea ukoko wa ugali. Akatupa kazi: Manase apasue kuni, mimi niteke maji. Mama mdogo Anisia yupo pia. Ni mdogo wake Mama, walikimbia pamoja mwaka sabini na mbili. Amekaa karibu na mtungi wa pombe ya ndizi, anaulinda. Kila anayepita anamuuliza kama imeiva, ingawa yeye ndiye anayeionja. Hatukumsumbua kwa maswali. Ana shughuli.

Jumapili, 21 Julai. Butihinda

Jana sikuweza kuandika. Naandika sasa, watu wakiwa misani.

Ukoo ulijaa uani. Mitungi imepangwa, mirija imesimama. Baba mdogo Yakobo akafungua kwa sala, kisha akatupeleka wote kaburini, nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Akasema watoto walete ua la mama yao.

Manase kwanza, kwa ukubwa wake. Akaondoa gunia kwa madaha. Mmea wa kijani, vimaua vidogo vyeupe vya mwavuli, vichache. Nikalikumbatia kopo langu, kwa kuwa ulikuwa mwavuli kweli! Mama mdogo Anisia akaomba aletewe karibu. Akanusa. Akauliza nyama yake iko wapi.

Seleri! Kaka yangu mkubwa alimletea Mama seleri ya supu iliyochanua. Watu wakauma midomo. Manase akasema kitaalamu ni suala la mjadala. Baba mdogo akamwambia akae.

Zamu yangu. Nikaondoa kitenge. Watu wakasema aah. Ua lilikuwa limesimama tena, refu, jeupe, umati mzima wa vijiua! Nikalitoa koponi na bonge lake, nikalipanda juu ya Mama kwa mikono yangu, nikashindilia. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, basi, Nazario aseme.

Nikasimama. Karatasi nikaiacha mfukoni. Nikasema kile cha kiganja mdomoni. Nikasema kifungo chekundu. Nikasema kuku waliofungiwa, na Martha akaficha uso. Hata Manase alikuwa anaangalia chini, mabega yanamtikisika. Nilikuwa ninasema, jamani! Mama alikuwa anasimuliwa! Nikafika kwenye harufu ya mikono yake, nikageuka kuwaonyesha ua.

Mbuzi wa Martha alikuwa amekata kamba. Alikuwa ameshika majani ya chini, anavuta. Nikapiga kelele, akashtuka, akavuta kwa nguvu zote. Ua likatoka. Bonge la udongo likapasuka, likamwagika.

Karoti.

Nene, ya rangi ya chungwa, ina vinywele, imepinda kama kidole cha mzee. Inaning'inia mdomoni mwa mbuzi, juu ya kaburi la mama yangu, mbele ya ukoo mzima.

Sikuwahi kuona ua la karoti maishani mwangu. Nani amewahi? Karoti tunaing'oa ingali kijana, tunaila. Nani anaiacha mpaka izeeke ichanue? Hivyo ndivyo nilivyotaka kuwaeleza, lakini nilikuwa nikiliokoa ua mdomoni mwa mbuzi.

Kisha Mama mdogo Anisia akaziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kikamtokea machoni, vile vile kama dada yake. Halafu Martha. Halafu Baba mdogo Yakobo, ambaye alikuwa na mrija mdomoni, akapaliwa mpaka akapigwa mgongo. Ukoo mzima ukaangua kicheko. Watu walicheka wameshikana, walicheka wamekaa chini. Shangazi mmoja alimkumbatia mbuzi. Tangu tumzike Mama hatukuwa tumecheka pamoja hata siku moja, na kumbe kicheko kilikuwa kimejilimbikiza.

Kilipotulia kidogo, Mama mdogo akajifuta macho, akatuuliza sisi wasomi ni nani aliyetuambia kwamba ua lile ni la huku. Huku hapakuwa na msitu! Walipokuwa wasichana hapa ilikuwa migomba na ng'ombe mpaka mwisho wa macho. Ua lile dada yake alilijulia Ulyankulu, wakati walipopelekwa porini wakakate miti wajenge. Walikuwa na huzuni, wanalia kila siku, na mvua ya kwanza ilipoanguka lile ua likachanua chini ya miti kila mahali. Dada yake akasema, basi, hata hapa pana mtu anatukaribisha. Kila mwaka alikuwa analingoja. Akienda kuni analifikicha mikononi njia nzima. Na kila mwaka anawakemea watoto wake wawili wa kiume, kwa sababu walikuwa wanalikata mashina wapige filimbi, linakosa kuchanua.

Nikamtazama Manase. Manase akanitazama.

Vile vijiti! Mashina yenye mifereji, matupu ndani. Tulilikata kila siku ya Mungu. Nimelishika ua la Mama mara nyingi kuliko kalamu, nikalipuliza, nikalitupa njiani. Nililia palepale, mbele ya watu waliokuwa bado wanacheka, na Manase akalia, kisha akakunja midomo akatoa sauti ya filimbi yake ya zamani, dhaifu, imevunjika katikati. Ilikuwa yenyewe kabisa.

Baba mdogo akasema kwamba kwa haki hakuna kati yetu aliyesikiliza. Akamwita Martha.

Martha hakutaka. Akasukumwa. Akasimama na kitenge chake cha kupikia, akasema Mama aliogopa kitu kimoja tu siku zake za mwisho: kwamba akiondoka, watoto wake hawatacheka tena wakiwa pamoja. Akasema basi, leo ameona. Akarudi jikoni.

Ilikuwa fupi kuliko vyeti vya Manase, na ilitosha. Tukanywa. Matanga yamekwisha.

Jumatano, 24 Julai. Yoba, Gitega

Nimerudi. Nimetulia. Nimefikiri sana, na nimejifunza mengi.

Kwanza, hotuba yangu ilikuwa nzuri, kila mtu amesema, isipokuwa mwisho wake. Pili, kosa lilikuwa la mbuzi.

Kuna misa ya kumkumbuka Mama mwakani, na misa ina msemaji. Manase amerudi kwenye kundi la WhatsApp na ameandika kwamba anamfahamu mtu Tabora, huko huko Ulyankulu iliko. Kumbe! Kwa hiyo ua la kweli lazima nilipate mimi, tena kabla yake. Fabiano anavuka Kobero kesho, safari hii anafika mpaka Tabora. Nimemwita hapa kwa siri. Nimemwambia aingie msituni Ulyankulu, alichimbe na bonge lake, asitazame mzizi, aniletee wiki ijayo. Akauliza kama maua huwa yapo wakati wa kiangazi. Nikamwambia hiyo aniachie mimi mtaalamu.

Ili asikosee, nimempa na mfano. Ile taji ya ua langu niliiokoa mdomoni mwa mbuzi, nikaikausha, bado ni nzuri. Nimemwambia atafute linalofanana na hili hili, majani, mwavuli, harufu, kila kitu, na asikubali jingine hata watu wa kule wakimwambia nini.

Mama Bora alikuwa anapita. Akasimama dirishani, akaitazama taji mkononi mwa Fabiano. "Ndugu Nazario, pole na matanga. Lakini hii si iko ile..." Nikafunga dirisha.

Fabiano alipoondoka nikabaki na kipande cha shina. Nikakikata urefu wa kidole, nikakitoboa mahali pale pale tulipokuwa tunatoboa, nikafumba macho. Nikaiona njia ya shule. Nikamwona Manase mbele yangu na kaptula yake iliyochanika, na nyuma, mbali, sauti ya Mama ikitukemea tuliache lichanue.

Nikapuliza. Hakikulia, kimejaa nyama ndani. Nimechukua kisu, nakata kingine.